Spamu inapita, invoisi inazuiwa: kusaka tatizo kwenye sava ya imeili ya Linux

Wadau, msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba minada inapochanganya, simu za watu wa IT huku Mtwara na Lindi zinaanza kuita kwa malalamiko mawili yanayopingana. Mmoja anakwambia "kaka, inboksi yangu imejaa takataka", mwingine ofisi hiyohiyo anakwambia "kaka, nyaraka za mnunuzi hazijaingia na yeye anasema kashatuma tangu asubuhi". Sava ni ileile moja, imekaa chini ya meza ya mhasibu pale Shangani au Lindi mjini, aliyeifunga kashahamia Dar, na kila aliyeishika baada yake kaongeza kanuni zake humo ndani bila kuandika popote.

Hapa naongelea Debian yenye Postfix (inayopokea na kutuma barua), Dovecot (inayoziweka kwenye inboksi) na SpamAssassin (inayozipa barua alama za uspamu), iwe inaitwa na Amavis au na spamd, programu zinazoipelekea barua za kukagua. Kama una AlmaLinux au ndugu zake mambo ni yaleyale ila njia za mafaili zinatofautiana, nitataja inapobidi.

Kabla hujagusa kitu, soma heda (mistari ya taarifa iliyo juu ya barua)

Watu wengi wakiambiwa spamu zinapita wanakimbilia kushusha kizingiti (alama ambayo barua ikiifikia inaitwa spamu) kutoka 5 kwenda 3, alafu kesho yake imeili za kazi zote ziko Junk. Usianzie huko. Chukua imeili yenyewe iliyoleta shida, fungua chanzo chake (kwenye Thunderbird ni Ctrl+U), tafuta mstari wa X-Spam-Status. Mfano kama huu:

`X-Spam-Status: Yes, score=6.601 tagged_above=2 required=6.31 tests=[BAYES_50=0.8, HTML_MESSAGE=0.001, LOCAL_BET=3, UNWANTED_LANGUAGE_BODY=2.8]`

Hapo bila kufungua faili lolote umeshajua mambo matatu. Maneno tagged_above na ile required=6.31 yanakwambia anayeamua ni Amavis. LOCAL_BET ni kanuni iliyotungwa hapohapo ofisini, haikuja na SpamAssassin. Na UNWANTED_LANGUAGE_BODY inakwambia kuna mtu kawasha kipimo cha lugha. Zote tatu tutazirudia chini.

Kama imeili haikufika kabisa basi heda hauna, nenda kwenye logi. Debian 12 haiweki rsyslog yenyewe, kwa hiyo ukikuta /var/log/mail.log haipo usidhani sava imeharibika, tumia `journalctl -u 'postfix*' --since today | grep -i reject`, na kwa Amavis `journalctl -u amavis` kisha tafuta maneno Blocked SPAM, pale kwenye Hits unaiona alama iliyopata. Ikiwa imezuiwa na Amavis mara nyingi haijafutwa, iko karantini kwenye /var/lib/amavis/virusmails, na unaweza kuitoa kwa `amavisd-release` ukifuatisha jina la faili. Hii ndo huwa inatuliza watu kwanza, mpe mtu nyaraka zake alafu ndo uendelee na uchunguzi ukiwa umetulia.

Dalili: nabadilisha local.cf (faili la mipangilio ya SpamAssassin) lakini hakuna kinachobadilika

Hii nadhani ndo inayopoteza muda wa watu kuliko zote. Sababu ya kwanza ni hiyo niliyoigusia, Amavis ina vizingiti vyake, $sa_tag2_level_deflt na $sa_kill_level_deflt, kwenye Debian vinakuja vikiwa 6.31 ndani ya /etc/amavis/conf.d/20-debian_defaults. Unaweza kuandika required_score 2 kwenye local.cf mpaka uchoke, Amavis inachukua alama tu kutoka SpamAssassin, uamuzi inafanya yenyewe. Badilisha kwenye 50-user, usiguse 20-debian_defaults maana apdeti ikija itakugombanisha nayo.

Sababu ya pili, hujaristati. Amavis na spamd zote zinasoma kanuni zinapowaka tu. Sababu ya tatu, umehariri faili ambalo halisomwi, Debian inatumia /etc/spamassassin/local.cf, wenzetu wa AlmaLinux ni /etc/mail/spamassassin/local.cf. Usikisie, muulize mwenyewe:

`spamassassin -D --lint 2>&1 | grep 'read file'`

Itakuorodheshea kila faili aliyosoma. Na komandi hiyohiyo ukiitoa -D na grep, yani `spamassassin --lint` peke yake, ikiwa kila kitu sawa hairudishi neno hata moja. Ikirudisha failed to parse line, skipping, ndo hapo, mstari huo umerukwa kimyakimya na huduma imeendelea kuwaka kama vile hakuna kilichotokea. Wanaokopi kanuni kutoka kwenye faili la Word waangalie sana alama za kunukuu zilizopinda na vistari vilivyorefuka, jicho haliyaoni ila programu inayaona.

Dalili: heda za X-Spam hazipo kabisa

Hapa kuna vitu vya kupitia harakaharaka. Kwenye Debian, faili la /etc/amavis/conf.d/15-content_filter_mode linakuja likiwa na mistari ya bypass_spam_checks_maps imewekewa alama ya reli (#) mbele, maana yake uchujaji wa spamu umezimwa mpaka uitoe mwenyewe. Wengi wanafunga Amavis wakiamini inafanya kazi kumbe inapitisha tu. Angalia pia `postconf content_filter`, kama inarudi tupu na wala hujaweka milter (njia nyingine ya kuunganisha kichujio), basi Postfix haipeleki barua popote kukaguliwa.

Kama baadhi ya barua zina heda na nyingine hazina, kuna mambo mawili. Kwanza $sa_tag_level_deflt ikiwa 2.0, barua yenye alama chini ya hapo haiandikwi heda, iweke -999 ili zote ziandikwe, itakusaidia sana kwenye uchunguzi. Pili, Amavis inaandika heda kwa wapokeaji wa domeini inazozijua ni zake, na Debian inachukua domeini kutoka /etc/mailname. Ofisi ikiwa ilikuwa na .co.tz moja alafu ikaongeza domeini ya pili ya tawi la Nachingwea na hakuna aliyegusa local_domains_acl, watu wa tawi wanapokea barua bila alama yoyote.

Alafu kuna ukubwa. spamc kwa kawaida haipeleki kukaguliwa barua inayozidi KB 500, na Amavis nayo ina kikomo chake, $sa_mail_body_size_limit. Watapeli wanajua, ndo maana unakuta spamu ina picha kubwa isiyo na kazi yoyote.

Dalili: spamu za Kiswahili zinapita zote, za Kiingereza zinakamatwa

Sasa hapa ndo penyewe, na kwenye maelezo ya watu wa nje huwezi kukuta.

Kanuni zinazokuja na SpamAssassin zinazopima maneno ya ndani ya barua karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza na lugha chache za huko. Zinajua dawa za nguvu za kiume, zinajua mrithi wa mamilioni, ila hazijui "ile hela itume kwenye namba hii jina litakuja", hazijui "jiunge na freemason upate utajiri". Barua ya Kiswahili ya kitapeli ikitumwa kutoka akaunti halali ya imeili ya bure, SPF na DKIM (vipimo vya kuthibitisha mtumaji) zinapita, IP ni safi, maneno hayagusi kanuni yoyote, alama inatoka sifuri.

Ingeishia hapo tungesema sawa. Tatizo linakuja kwenye Bayes, kipimo kinachojifunza maneno ya barua nzuri na ya spamu. SpamAssassin ina tabia ya kujifunza yenyewe, bayes_auto_learn, na kizingiti cha barua nzuri ni 0.1. Yani barua ikipata chini ya hapo inajifunza kwamba hii ni barua nzuri. Sasa ile spamu yako ya Kiswahili iliyopata sifuri inaingizwa kwenye kundi la barua nzuri, kesho inayofanana nayo ikija inapewa BAYES_00 ambayo ni -1.9, yani inazawadiwa. Mwezi mzima wa hivyo na Bayes yako imeshafundishwa kabisa kwamba tuma kwenye namba hii ni lugha ya kazi ya ofisi yenu.

Dawa yake, kwanza shusha kizingiti hicho ndani ya local.cf:

`bayes_auto_learn_threshold_nonspam -2.0`

au zima kabisa bayes_auto_learn 0 kama una mtu wa kufundisha kwa mkono. Pili, angalia Bayes imesoma nini, ukiwa kama yule mtumiaji anayeendesha uchujaji:

`sudo -H -u amavis sa-learn --dump magic`

Tazama mistari ya nspam na nham. Bayes haianzi kutoa alama mpaka ifikishe spamu 200 na barua nzuri 200. Ukikuta nspam 35 na nham elfu kumi na kitu, hapo hakuna Bayes, na kama imeshachafuka sana ni bora uifute kwa `sa-learn --clear` uanze upya kuliko kuipapasa.

Na hapo kwenye sudo msipite haraka. Watu wanafundisha wakiwa rooti, sa-learn inaandika kwenye /root/.spamassassin, wakati Amavis inasoma /var/lib/amavis/.spamassassin. Unafundisha wiki nzima kitabu ambacho hakuna anayekisoma. Kama unatumia spamd na watumiaji tofauti ni hadithi hiyohiyo, kila mmoja ana Bayes yake kwenye folda yake ya nyumbani, isipokuwa umeweka bayes_path ya pamoja.

Habari njema ni kwamba Bayes yenyewe haina lugha, inahesabu maneno tu, Kiswahili na Kimakonde kwake sawa. Ukipata barua halisi 200 za kila upande kutoka kwenye ofisi yenu (za AMCOS, yani vyama vya ushirika vya wakulima, za mnada, za maghala, za wasafirishaji) itakufanyia kazi nzuri kuliko kanuni yoyote utakayotunga. Ila upande wa barua nzuri usichukue matangazo ya kampuni za simu, chukua barua ambazo watu wamezijibu.

Kutunga kanuni nako kuna ujanja wake, maana mifano yote ya mtandaoni imezoea Kiingereza ambacho neno linasimama peke yake. Wanakufundisha uweke \b (alama ya mpaka wa neno) mwanzo na mwisho wa neno. Sasa andika /\btuma\b/ uone, inakamata tuma tu, wakati mtapeli anaandika itume, nitumie, zitume. Kiswahili kinabandika viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo lazima uvipe nafasi:

`body __LOC_TUMA /\b(?:i|u|ni|zi)?tum(?:a|e|ia|ie)\s+(?:kwenye|kwa|katika)\s+namba\s+hii\b/i`
`body __LOC_JINA /\bjina\s+lita(?:kuja|toka|tokea)\b/i`
`meta LOC_TUMA_HELA (__LOC_TUMA && __LOC_JINA)`
`describe LOC_TUMA_HELA Utapeli wa tuma kwenye namba hii`
`score LOC_TUMA_HELA 3.5`

Zile mbili za juu majina yake yanaanza na vistari viwili vya chini (__), kanuni ya namna hiyo haitoi alama yenyewe, inasubiri meta iunganishe. Na ndivyo nnavyoshauri, maana mhasibu naye anaweza kuandika kihalali "tuma kwa namba hii", ila mhasibu hana haja ya kukuahidi kwamba jina litakuja. Usiweke alama 10, weka ambayo ikisaidiwa na kingine kimoja ndo inavuka. Ukisahau mstari wa score kabisa kanuni inapewa 1.0. Jaribu kabla ya kuristati, hifadhi spamu moja kama faili kisha `spamassassin -t < spamu.eml`, chini kabisa itakupa jedwali la kanuni zilizogusa.

Kitu kingine cha kujua, kanuni za aina ya body zinasoma na kichwa cha habari cha barua pia, kinahesabiwa kama mstari wa kwanza. Watu wanashangaa "mbona ndani ya barua hilo neno halipo", liko kwenye kichwa.

Dalili: barua za kazi za Kiswahili zinakwenda Junk

Rudi kwenye ule mfano wa juu. UNWANTED_LANGUAGE_BODY inatoka kwenye plagini ya TextCat, yenyewe kwa kawaida imezimwa, kwa hiyo ukiiona ujue kuna mtu kaiwasha na kakopi konfigi ya mahali pengine yenye ok_languages en. Kwa konfigi hiyo Kiswahili ni lugha isiyotakiwa, sava iko Mtwara! Kila barua ya Kiswahili inaanza safari ikiwa na 2.8 mgongoni. Andika ok_languages en sw, Kiswahili kimo kwenye orodha yake, au zima plagini yote. Mimi ningezima, ofisi inayofanya biashara na wanunuzi wa India na Vietnam haina sababu ya kuhukumu barua kwa lugha.

LOCAL_BET nayo nikwambie ilivyokuwa imeandikwa, mtu alichoka na matangazo ya kubeti akaandika `body LOCAL_BET /bet/i` na score 3. Hiyo inamkamata kila Elizabeth kwenye saini ya barua, inakamata diabetes, inakamata betri ya gari. Ni ugonjwa uleule wa zamani wa kanuni ya cialis kukamata neno specialist. Ukikuta kanuni za kurithi, zitafute zote kwa `grep -rE '^(body|header|rawbody|uri|full)' /etc/spamassassin/` na kila moja jiulize ni maneno gani ya kawaida ya ofisi hii yana herufi hizo ndani yake.

Kuna moja ya huku kwetu pia, ya umeme. Kompyuta ya mezani betri ya ubaoni ikifa, umeme ukikatika na kurudi saa inarudi nyuma miaka, na programu ya imeili inaandika tarehe hiyohiyo ya kompyuta. Mtu anatuma barua leo yenye tarehe ya miaka mingi iliyopita, huku inapokelewa na DATE_IN_PAST_96_XX. Ukiona hiyo kwa mtu mmoja tu wa ofisi fulani mpigie aangalie saa ya kompyuta yake, usiguse sava.

Na kama wafanyakazi wenu wenyewe, wakituma kutoka kwenye modemu au simu wakiwa Newala au Liwale, barua zao zinapata RCVD_IN_PBL, ujue IP za simu ziko kwenye orodha ya IP zisizotakiwa kutuma imeili moja kwa moja. Ni haki yake kuwemo. Kinachotakiwa ni wao watume kupitia bandari 587 wakiwa wameingia na nywila, Postfix itaandika ESMTPSA kwenye Received na SpamAssassin inaielewa hiyo, mradi trusted_networks yako iko sahihi. Sava ikiwa nyuma ya NAT (rauta inayoficha anwani za ndani), ina anwani ya 192.168, SpamAssassin inabahatisha mipaka na mara nyingine inakosea, utaona ALL_TRUSTED kwenye spamu iliyotoka nje, yaani inaipunguzia alama. Andika trusted_networks na internal_networks mwenyewe, pamoja na IP ya nje, hiyo kesi imeisha.

Dalili: URIBL_BLOCKED kwenye kila barua

Hii wengi wanaisoma kinyume. Wanadhani kiungo kilichomo kwenye barua kimefungiwa. Hapana, wewe ndo umefungiwa. Sava yako inauliza orodha za spamu kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, na watunza orodha wanaona mamilioni ya maswali kutoka kwenye IP hiyo moja, wanagoma kujibu. Kipimo muhimu kuliko vyote kimezimika na barua zinaendelea kuingia.

Pima hivi: `dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`. Jibu zuri linaanza na 127.0.0 (utaona 127.0.0.2, 127.0.0.4 na 127.0.0.10). Ukipata 127.255.255.254 maana yake umekataliwa kwa sababu ya risova (sava inayokuulizia DNS) ya umma.

Funga unbound, risova yako mwenyewe, kwenye sava hiyohiyo, weka nameserver 127.0.0.1 kwenye /etc/resolv.conf, na kwenye unbound usiweke forward-zone ya kurudi kulekule 8.8.8.8, hapo utakuwa umezunguka mti. Sasa kuna mitego miwili. Wa kwanza, rauta nyingi za maofisini huku zimewekewa kanuni ya kudaka kila swali la bandari 53 na kulijibu zenyewe, umefunga unbound vizuri kabisa lakini maswali hayatoki nje kama yalivyo. Ukipima tena na bado unapata 255.254, ingia kwenye rauta uitoe IP ya sava kwenye mtego huo. Wa pili, Postfix ya Debian mara nyingi inaendesha smtpd ndani ya chroot (folda iliyotengwa na mfumo mwingine) na ina nakala yake ya resolv.conf, /var/spool/postfix/etc/resolv.conf. Umebadilisha ile kubwa, hii ndogo bado inasema 8.8.8.8. Ristati Postfix inakopi upya, alafu hakikisha kwa macho.

Intaneti ikiyumba, kama ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, maswali ya DNS ya kwenda nje yanachelewa, kila barua inasubiri mpaka muda wa rbl_timeout uishe (sekunde 15 kwa kawaida) na foleni inarefuka. Siku kama hizo spamu zitapita zaidi na barua zitachelewa, usianze kubadilisha kanuni kwa sababu ya hali ya siku mbili.

Dalili: ghafla kila kitu kinakataliwa, hata barua za serikali

Ikitokea ghafla bila mtu kugusa kitu, sava yako imebaki palepale ila kitu cha nje unachokitegemea kimebadilika. Kuna mifano ya kutosha. Tarehe 1 Januari 2010 dunia nzima iliamka na kanuni ya FH_DATE_PAST_20XX inaona mwaka 2010 kama mwaka wa mbali usiowezekana, ikawa inaongeza alama kwa barua zote, dawa ikawa sa-update. Orodha ya AHBL ilipofungwa, Januari 2015 wakaanza kujibu "ndiyo ni spamu" kwa kila swali ili watu waache kuuliza. SORBS nayo ilizimwa Juni 2024. Fungua main.cf ya Postfix uangalie reject_rbl_client (mistari inayouliza orodha hizi) zinazotajwa humo, utashangaa marehemu waliomo.

Na hii ya Spamhaus inaungana na ya juu. Ukiandika `reject_rbl_client zen.spamhaus.org` hivihivi, Postfix inachukulia jibu lolote kuwa ni ndiyo, hata lile 127.255.255.254 la kukataliwa. Matokeo yake sava inarejesha barua za dunia nzima. Andika hivi:

`reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`

Ukiwa na wasiwasi na kanuni yoyote mpya ya Postfix weka warn_if_reject mbele yake, itaandika kwenye logi tu bila kukataa, iache hivyo siku kadhaa usome. Mimi reject_unknown_client_hostname nisingeiweka kabisa kwa ofisi za huku, wadau wengi wadogo wanatuma kutoka kwenye laini ambazo hakuna aliyewahi kuziandikia PTR (jina la IP kwenye DNS).

Kama apdeti ndo hazishuki, endesha `sa-update -v; echo $?`. Jibu 0 ameshusha mpya, 1 hakuna jipya na hilo wala si kosa, 2 maana yake mafaili ya .pre ya hapohapo kwenye sava yako yameshindwa lint (ukaguzi wa uandishi), 4 na kuendelea ndo shida yenyewe. SpamAssassin iliyo chini ya 3.4.2 haipati kanuni mpya tangu Machi 2020, wenye sava za zamani hapo hakuna ujanja, boresha.

Dalili: barua feki kwa jina la bosi inapita na alama -98

Ukiona alama hasi kubwa namna hiyo, kuna USER_IN_WHITELIST au USER_IN_WELCOMELIST inayotoa -100. Mtu aliweka `whitelist_from *@domeini-yetu.co.tz` ili barua za ndani zisisumbuliwe. Sehemu ya From yeyote anaandika anachotaka, kwa hiyo tapeli anayejiita bosi na kutaka invoisi ilipwe haraka kwenye akaunti mpya kafunguliwa mlango na kukaribishwa kiti. Kipindi cha malipo ya korosho barua za hivi ndo zinaongezeka na pesa zinazotajwa si za mboga.

Futa mstari huo. Weka whitelist_auth (kwenye toleo la 4 inaitwa welcomelist_auth), hii inakubali tu kama SPF au DKIM imethibitisha mtumaji. Na kama mnunuzi mmoja tu ndo anasumbuliwa, mruhusu yeye kwa anwani yake kamili, usiruhusu domeini nzima ya imeili za bure kwa ajili ya mtu mmoja.

Dalili: header_checks na body_checks za Postfix hazikamati

Faili la regexp au pcre halihitaji postmap kutengenezwa ila linahitaji `postfix reload`. Lijaribu kwa `postmap -q "Subject: Jiunge leo" regexp:/etc/postfix/header_checks`, ikirudi kimya ujue haijakamata. Kuhusu body_checks nisiwapotezee muda, inasoma mstari mmoja mmoja kama ulivyo bila kufumbua base64, na barua nyingi za siku hizi zinakuja kwa base64, kwa hiyo unatafuta maneno kwenye herufi zilizofumbwa. Kazi hiyo mwachie SpamAssassin.

Dalili: imeandikwa spamu lakini bado iko inboksi

Heda ina X-Spam-Flag: YES na barua imetulia inboksi. Kichujio kimemaliza kazi yake, tatizo ni la mpokeaji. Anayehamisha kwenda Junk ni Sieve ya Dovecot (kanuni za kupanga barua), na Sieve inafanya kazi barua ikikabidhiwa kupitia LMTP ya Dovecot au dovecot-lda. Angalia `postconf mailbox_transport virtual_transport`, usipoona lmtp:unix:private/dovecot-lmtp kwenye ile mnayotumia, na dovecot-lda nayo haitumiki, Postfix inaandika barua kwenye diski yenyewe na Sieve haiitwi kamwe. Ukiiona ipo, hakikisha protocol lmtp ina plagini ya sieve, na skripti ya jumla iko kwenye sieve_before na imekompailiwa kwa sievec, maana folda ile ni ya rooti na Dovecot ikiendesha kama mtumiaji wa kawaida haiwezi kuandika faili la .svbin yenyewe. Ukishabadilisha, jitumie ile spamu ya majaribio ya GTUBE inayokuja na SpamAssassin kutoka kwenye anwani ya nje. Ina alama 1000, na kwa Amavis itaishia karantini kabla ya kufika Junk, kwa hiyo kupima Sieve pandisha kwanza $sa_kill_level_deflt juu ya 1000, ukimaliza uirudishe.